Kishikwambi cha Siku za Kunguru

Siku za kunguru, katika jengo letu la Mchafukoge, ghorofa ya tatu hainunuliwi hata ndoo mpya. Mimi si wa dini yao ya Kihindu, ni Mkatoliki wa Marangu, lakini nimeuza vyombo chini ya jengo hilo tangu Evarista wangu yuko mgongoni, na sasa Evarista mwenyewe ana watoto. Kwa hiyo najua. Kabla ya sikukuu yao ya Navaratri kuna nusu mwezi ya kuwakumbuka marehemu. Mama Krina wa ghorofa hiyo, jina lake Jasvanti, hupanda juu ya paa na sinia la wali wa maziwa, akawawekea kunguru. Wakila, marehemu karidhika. Na kunguru wa Dar mnawafahamu, hawa hukunyang'anya sambusa mdomoni, wala hawasubiri kubembelezwa.

Mwaka huu, siku ya marehemu mumewe, Mzee Chandu, kunguru hawakushuka. Walijipanga kwenye antena wakatazama tu. Jasvanti alisimama na sinia mpaka jua likamchoma, kisha akateremka hadi dukani kwangu, wali umeshafanya ngozi juu, akaniambia kuna kitu Chandu anakitaka. Mtu wa Marangu atamwambia nini mjane kuhusu kunguru? Nilimpokea sinia nikamvutia ndoo akae.

Krina, bintiye, aliona anakijua hicho kitu. Mzee Chandu ndiye aliyekuwa akifungua nyimbo za garba, ile ngoma yao ya duara, kila Navaratri, na kinanda chake cha harmoniamu, kwenye ukumbi wa jumuiya yao mtaa wa nyuma. Alifariki mwaka jana wakati wa masika. Kanda zake za zamani ziliozea stoo mvua zilipoingia. Kilichobaki ni sauti moja tu: siku zake za mwisho, akiwa amekaa kitandani, alijipiga paja badala ya ngoma akauimba wimbo wa ufunguzi mwanzo mpaka mwisho, na Krina akamrekodi kwa simu. Jasvanti siku hiyo alikuwa famasi kufuata dawa. Hakuusikia, na tangu msiba alikataa kuusikia. Alisema atausikia ukumbini, katikati ya watu, maana akiusikia peke yake chumbani moyo utampasuka.

Basi Krina alitaka kuivika sauti ile ngoma na harmoniamu, usiku wa kwanza wa Navaratri ufunguliwe na babake. Simu yake isingeweza. Betri ilikuwa imevimba mpaka kioo kimeinuka, inazima ikijisikia. Na kazi yake ni kuchora hina za maharusi, ambao siku hizi wanataka waone kwanza ua limelala vipi kwenye picha ya mkono wao wenyewe. Akasema kishikwambi kimoja chenye kalamu kitamaliza yote mawili.

Nikafunga duka tukaenda Kariakoo. Nilitaka niwepo, kwa sababu Krina ana vipaji vyote isipokuwa kile cha kubishania bei. Tulizunguka maduka mpaka miguu ikaniwaka moto. Kila alipopewa kishikwambi, kwanza alichora lile umbo ambalo kwenye khanga tunaliita korosho, akiikandamiza kalamu taratibu kisha kwa nguvu. Vya bei ya chini vilichora mstari wa unene uleule, ukandamize usikandamize. Kisha alifungua programu ya ngoma, akagonga kioo kwa kidole huku amefumba macho. Vingine vilichelewa, kidole kimeshagonga, mlio unakuja baadaye kama mtu aliyeitwa akiwa chooni. Wauzaji walimwambia ni kitu kidogo. Yeye aliwarudishia vyombo vyao kwa adabu. Hatimaye tulipata kimoja kizuri, kipya, bei yake inavumilika kwa mtu atakayesubiri wiki mbili akusanye pesa.

Nilimwambia asubiri. Akasema hawezi kusubiri, maana usiku wa kwanza unakuja siku zile za marehemu zikiisha tu, na wimbo lazima uwe tayari. Na kununua kipya ndani ya siku hizo ni mkosi, mamake hatakiruhusu kipite mlangoni. Akatembea kidogo, kisha akasimama katikati ya njia, mikokoteni ikimpigia kelele.

"Lakini kilichotumika si kipya, Mama Evarista. Kilichotumika kinaruhusiwa."

Nilicheka. Nikajiambia, hata kwetu mapadri wana mahesabu yao ya Kwaresima. Laiti ningejua, ningelia.

Ndivyo tulivyofika kwa Jovin. Jovin ni wa kwetu, kijiji cha jirani, ana meza ya kioo chini ya ngazi za jengo moja, anauza simu na vishikwambi vilivyotumika. Namjua tangu mdogo, ndiyo maana sikumwamini. Alinipa shikamoo ndefu kupita kiasi, nikaitikia marahaba nikimtazama mikono. Akatoa kishikwambi cheusi, kimepasuka kona kidogo, na kalamu yake. Krina akachora korosho. Mstari ukaanza mwembamba kama uzi ukanenepa tumboni na kurudi uzi. Akagonga ngoma, mlio ukaja pamoja na kidole. Niliuona uso wake nikajua tumeshauziwa.

Nikamuuliza Jovin kimetoka wapi. Alisema kuna mtu alikiuza kwa shida. Nikamuuliza shida ya nani, naye akajifanya kupangusa meza. Alikuwa tayari kuichukua simu ya Krina, hivyo ilivyovimba, kama sehemu ya bei. Sauti ya Mzee Chandu ikahamishwa palepale mbele yetu, simu ikafutwa kila kitu, ikatupwa kwenye boksi na wenzake. Nilimwambia Krina aiweke ile sauti na kwenye flashi. Akasema hapana. Jumuiya yao ina magrupu ya WhatsApp kama mchwa, flashi ikishikwa na binamu mmoja, kesho mji mzima unasikia babake akikohoa. Wimbo ukikamilika ndipo atautolea nakala.

Tulipogeuka kuondoka, Jovin akaniacha mimi akamshika Krina mkono.

"Dada, usikiunge na intaneti kwanza. Hata kidogo. Tumia hivyohivyo, ukishamaliza sikukuu niletee, kuna kitu fundi atakiweka sawa."

Rahisi huvunja upishi. Nilimwambia hivyo njia nzima mpaka akaniomba ninyamaze.

Ndani ya kishikwambi mlikuwa na michoro ya mtu mwingine. Uso wa mwanamke wa makamo, amejifunga kilemba, umechorwa tena na tena, kila mmoja umeishia kwenye mdomo. Mdomo haukumaliziwa hata mara moja. Pembeni mwandiko mdogo: Angela. Nilimwambia Krina aifute. Alisema hawezi kufuta mkono wa mtu. Jasvanti naye alipokiona alikataa kukipaka kumkum, ile poda nyekundu wanayokaribishia vitu ndani ya nyumba. Alisema kitu hiki kimekuja na watu wake.

Siku zile zote Krina alifanya kazi bila mtandao, kama alivyoagizwa. Mchana, wateja wakipungua, alikuja kukaa juu ya ndoo zangu nisikie alipofika. Mimi Kigujarati sijui, lakini sauti ya Mzee Chandu naijua, ndiyo iliyokuwa ikiniita kila asubuhi kuniuliza kama bei ya masufuria imeshuka. Sasa iliimba chini ya ngoma, imechoka lakini imenyooka, na lile paja lake Krina alikuwa ameliacha lisikike. Nililia nikisingizia vumbi. Nilimwuliza kuhusu nakala, akasema bado mwisho, bado kidogo tu.

Siku moja nilipita kwa Jovin. Meza ilikuwa imefunikwa shuka. Jirani yake akaniambia amesafiri Moshi. Mchaga, kwenda nyumbani Septemba. Sisi tunaenda Desemba, hata aliyefilisika anakopa nauli ya Desemba. Nilirudi mbio, nikapanda ngazi nikamwambia Krina. Alivua spika za masikioni, akanisikiliza, akasema wimbo umekamilika, kesho ukumbini utapigwa, na palepale utatoka kwenye kishikwambi uingie kwenye kompyuta ya Alpesh, anayesimamia vyombo vya muziki. Hakijawahi kugusa mtandao. Kuna nini cha kuogopa?

Jioni ya kesho yake Jasvanti alikipaka kumkum, maana siku za marehemu zilikwisha. Alivaa sari ya kijani aliyonunuliwa na mumewe. Nilifuatana nao. Ukumbi uko ghorofa ya kwanza, chini yake kuna steshenari ya kutoa kopi. Wanawake walikuwa wameshazunguka picha ya mungu wao wa kike, vioo vya sketi vinametameta. Alpesh alitaka kwanza ahamishe wimbo kwenye kompyuta yake, lakini wazee walishaanza kulalamika kuchelewa, akachomeka waya kwenye kishikwambi moja kwa moja. Watahamisha baadaye.

Mzee Chandu akaimba. Watoto waliacha kukimbizana. Kisha mikono ikaanza kupiga, duara likaanza kwenda. Jasvanti hakucheza. Alisimama karibu na spika, kiganja juu yake, kama anampima mtoto homa.

Mimi nilikuwa natazama kioo. Juu kabisa, kwenye kona, alama ya mtandao ilikuwa imewaka. Hakuna aliyekigusa. Kilikuwa kinapajua mahali pale.

Nilifungua mdomo kumwita Krina. Sauti ilikatika katikati ya neno. Kioo kikawa cheusi. Mikono ilipiga mara moja zaidi kwa mazoea, kisha ikakosa cha kufuata.

Krina alikishika, akakibonyeza, akakitikisa. Alpesh aligusagusa nyaya. Tulikuwa hivyohivyo, msichana mmoja alipotokea mlangoni anahema, kavaa aproni ya steshenari ya chini, simu mkononi. Alimwendea Krina moja kwa moja.

"Samahani, dada. Hicho ni changu. Mimi ni Angela. Kiliporwa Buguruni, mtu wa bodaboda, nikiwa nachora. Hakikuwa na namba ya siri, nikaagiza kijifute chenyewe siku kitakapokamata mtandao. Kimekamata wa kwetu hapo chini, ule kilichouzoea. Kimenijulisha sasa hivi."

Krina alimwuliza kama kinaweza kurudishiwa kilichokuwemo. Aliuliza polepole sana. Angela alitikisa kichwa. Alisema na yeye michoro ya marehemu mamake ilikuwa humo, na hana mingine, lakini hakutaka sura ya mamake ibaki mikononi mwa wezi. Alikuwa amesema hivyo kabla hajatazama vizuri yuko wapi, picha ya Mzee Chandu yenye taji la maua ukutani, watu waliosimama. Akauliza yule mzee aliyekuwa akiimba wakati anapanda ngazi ni nani.

Nilimchukia kwa dakika ile, Mungu anisamehe, na hakuwa na kosa hata punje.

Kishikwambi kikawaka mkononi mwa Krina, cheupe tupu. Jasvanti alitoa kiganja chake kwenye spika, akaja, akainama juu ya kioo. Hakuwa na miwani.

"Kinasema nini?"

"Kinasema karibu, Mami," Krina akasema. "Kinasema tuchague lugha."