Mbegu Iliyoloweshwa Siku ya Kilio

Mke wangu hajawahi kuniruhusu niguse mbegu yake ya maharage. Kulima nalima mimi, mifereji nachimba mimi, lakini mbegu ni mali ya mama wa nyumba, ndivyo ilivyo huku kwetu Masisi. Yake alipewa na mama yake alipoolewa: mchanganyiko wa nyekundu, njano, nyeupe na zile zenye madoa. Kila baada ya mavuno huichagua upya kwa vidole, huichanganya na majivu ili wadudu wasiitoboe, kisha huifunga katika kitunga na kukiweka darini, juu ya jiko. Vidole hivyo havikosei. Ndivyo vilivyogundua uvimbe katika ziwa lake la kushoto alipokuwa akioga. Alinijia maji yangali yanamtiririka mgongoni.

"Papa, gusa hapa. Iko kama haragi moja."

Niligusa. Nikamwambia kesho tunashuka Goma. Akasema tungoje kwanza apande. Mimi ni mtu mbishi, jirani zangu wote watakuambia, na mara hii ubishi wangu ulipata kazi ya maana. Kesho yake tulikuwa barabarani.

Hospitalini walichukua kipande kidogo kwa sindano, tukangoja majibu nyumbani kwa mdogo wake, ambaye ameolewa pale Goma. Daktari aliyetupa majibu alikuwa mama mwenye sauti ya upole. Alisema ni kanseri, ila haijasambaa. Dawa ingepita kwanza kwenye mishipa, mara kadhaa, kila baada ya wiki tatu, halafu upasuaji. Alitusihi jambo moja tu: tusikatize katikati, kwa sababu ugonjwa ulioonjeshwa dawa kisha ukaachwa hurudi na hasira. Mke wangu aliuliza swali moja.

"Nitapanda lini?"

Daktari alidhani hajaelewa, akaanza kueleza upya. Mimi nilijua ameelewa kila kitu.

Dawa ya kwanza ilimwangusha. Alitapika hata maji, kinywa kikajaa vidonda, harufu ya makaa jikoni ikawa adui yake. Mwanamke aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa kuni huku akiimba sasa alishika ukuta ili afike mlangoni. Aliponyanyuka kidogo, akaniambia hiyo ya pili hataki.

"Ng'ombe akivunjika malishoni hukimbilia zizini," alisema. "Unirudishe kwetu. Mvua imeanza. Nipande mbegu yangu, yenye itakuya ikuye." Yaani liwalo na liwe.

Nilimtania, nikamkaripia, nikambembeleza. Wapi. Niliogopa, na sioni haya kuandika hivyo. Nampenda mwanamke huyu, na sikujua nyumba yangu ingekuwa nyumba gani bila yeye.

Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Aliketi uani, akanipa wembe, nami nikamnyoa taratibu. Nilipomaliza alijipapasa kichwa, akanitazama. Mtu yeyote wa kwetu anajua ninavyojivunia nywele zangu. Nina chanuo mfukoni hata ninapokwenda shambani, na maishani mwangu nilikuwa nimenyoa kichwa chote mara mbili tu: siku tulipomzika baba, na siku tulipomzika mama.

"Ikala," akasema. "Na weye."

Nikakaa. Alininyoa, akanikata kidogo juu ya sikio, na akaona raha kabisa.

Juma lililotangulia dawa ya pili alinituma nyumbani. Alikuwa amefunga vikwembe vyake vyote, vile vitenge vyake vya kujifunga, katika mfuko mmoja. "Tangulia na nguo," aliniambia. "Mimi nitakufuata na moto ingine." Yaani angepanda pikipiki nyingine anifuate; alikuwa ameamua. Niliubeba mfuko ule shingo upande, nikiwa na ahadi yake moja tu: hataondoka Goma mpaka nirudi kumchukua.

Nilipanda pikipiki. Kwenye kizuizi cha Mubambiro askari walipekua mfuko, wakakuta nguo za mwanamke, wakaniangalia kichwa, wakaniacha nipite bila maneno. Nilishangaa, nikashukuru. Tulipofika Bihambwe mvua ilifunga barabara, nikalala pale kwa mtu tunayesali naye. Wanawake wa kilima chetu waliokuwa wakitoka sokoni walinipita mmoja mmoja. "Pole sana, Papa." Nikajibu asanteni, Mungu yuko. Niliona watu wameguswa na ugonjwa wa mke wangu, moyo ukanijaa. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Kwetu kifo hakiulizwi njiani, wala hakiulizwi kwa simu.

Asubuhi nilipokaribia nyumbani nilisikia kilio. Nikaongeza mwendo, nikijiuliza ni nani wa kwetu aliyetutoka. Uani kwangu moto mkubwa ulikuwa unawaka, mabenchi ya kanisa yamepangwa, kwaya imeketi. Mama mkwe wangu aliinuka kwenye mkeka, akaja akaniangukia kifuani.

"Mulimuacha wapi mutoto wangu? Mbona mulimuzika kule bila sisi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kichwa changu. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya watu waliokuwa wakilia, na wao wakadhani uchungu umenipanda akilini. Kicheko kiliniishia nilipoona masufuria kando ya moto. Yalijaa maji, na ndani ya maji yalikuwemo maharage mekundu, ya njano, meupe na yenye madoa. Kitunga kilikuwa kimelala pembeni, kitupu, majivu yamemwagwa chini. Ukoo wa mama mkwe husema mbegu ya marehemu haipandwi na mkono mwingine. Hupikwa, waliokuja kumlilia wakaila.

Nilitoa simu, nikapiga, nikaweka sauti kubwa.

"Allo? Papa, ulifika?"

Nani angeelezea kelele zilizofuata? Mama mkwe alikaa chini ghafla. Mzee wa kanisa alivua kofia, akaivaa tena. Nilimweleza mke wangu: watu wote wako hapa, waliona kichwa changu, wanadhani amekufa. Akacheka. Tangu ile dawa sikuwa nimesikia kicheko hicho, na machozi yalinitoka mbele ya kwaya nzima.

"Sasa banakula nini?" akauliza.

Mama yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Maharagi yako. Nililowesha asubuhi."

"Kitunga yote?"

"Yote, mutoto wangu."

Simu ikanyamaza. Nilijua imekwisha. Nilifikiri: sasa hana hata sababu ya kurudi nyumbani, wala ya kuendelea na dawa. Kumbe nilikuwa simjui mke wangu vizuri.

"Mama!" sauti ikarudi na moto wote wa zamani. "Mbegu ya muntu muzima haipikwe! Mutoshe ile maji sasa hivi. Ikilala humo itaoza. Bote benye banalia, bashike jembe. Ipandwe leo!"

Na ikapandwa. Waliokuja kulia waliazima majembe, mzee wa kanisa akakunja suruali yake nyeusi ya mazishi, kwaya ikaacha nyimbo za maziko katikati ya ubeti. Simu ilipita mkono kwa mkono huku mke wangu akitoa amri: mistari isibanane, chini bondeni msipande, maji yanatuama, na Papa asishike mbegu, ataiharibu. Nikachimba tu. Alasiri shamba lilikuwa limekwisha. Tulikula mihogo na jibini, na tuliimba sana.

Nilirudi Goma na mfuko uleule wa vikwembe. Alinipokea mlangoni, akautazama.

"Kwa nini umerudisha nguo?"

"Shamba imeisha kupandwa," nikamwambia. "Nyumbani hauna kazi."

Alikaa kitandani akaufungua mfuko, akavitoa vikwembe kimoja kimoja, akavikunja upya, akavipanga juu ya kabati la mdogo wake. Alichukua muda mrefu.

Siku ya dawa ilipofika alivaa kile cha njano, akajifunga kitambaa kichwani, akatangulia mbele yangu kuingia hospitali. Muuguzi alihangaika kidogo kuutafuta mshipa, akamwomba radhi. Mke wangu alimnyooshea mkono wa pili.

"Fanya mbio, dada," akamwambia. "Mi niko na palizi."