Aliyeachia Ngazi

Kila anayetaka kuanza kazi ya kuosha vioo huja kuniuliza swali lilelile: kifaa gani ni muhimu kuliko vyote? Anatarajia nitaje kitu cha dukani. Nikimjibu anacheka, na nikimwambia sitanii ananiona nina kinyongo. Ninacho, na nitaeleza kilikotoka.

Kwanza tuondoe upuuzi njiani. Gazeti si kifaa. Kuna watu Bariadi hii wamejenga nyumba ya vioo kuanzia chini hadi paani, na bado wanampa dada wa kazi gazeti kuukuu na maji ya sabuni ya unga, kisha wanashangaa kioo kina michirizi. Sabuni ya unga huacha ukungu. Gazeti huacha wino kwenye fremu nyeupe. Na maji ya visima vyetu yana chumvi. Yakikaukia kwenye kioo juani yanaacha madoa meupe ambayo huyatoi kwa kitambaa wala kwa maombi. Mimi hukinga maji ya mvua kwenye pipa, na majirani wanajua nitakavyomfanya atakayechota ndoo moja kufulia.

Vifaa vyenyewe havina siri. Mpira wa kuvutia maji ndio wa kwanza, na ukiwa na kovu dogo tu utakuachia mstari kila unapovuta, kwa hiyo uubadilishe na uache ubahili. Soksi ya manyoya ya kupakia maji. Kitambaa kisichoacha nyuzi cha kumalizia pembeni. Wembe wenye mpini wa kukwangulia rangi, maana fundi rangi wa mji huu hupaka ukuta, hupaka kioo, na akimkuta mjusi amelala njiani humpaka naye. Fimbo ndefu ya kurefusha mkono. Msimu wa pamba, malori yakipita yamejaa, vumbi na nyuzi hunata kwenye vioo vyote vya barabarani. Hapo uanze na brashi kavu. Ukianza na maji umejipikia uji.

Halafu kuna ngazi. Na ngazi ndefu juu ya sakafu ya marumaru haisimami yenyewe. Inasimama kwa sababu kuna mtu chini ameishika kwa mikono miwili na kuukanyaga mguu wa ngazi. Huyo mtu ndiye kifaa muhimu kuliko vyote, na hauzwi popote. Mimi nilimpata nyumbani kwetu, akanivunja.

Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Kwao ni Kiloleli. Nilimkuta hana kazi baada ya kilimo kumkataa miaka miwili mfululizo, nikamchukua, nikamfundisha kila kitu. Simsingizii: alikuwa na nguvu, halewi, hachelewi. Tena ana adabu za kuchosha. Kutoka stendi hadi kwenye jengo tunaloosha alikuwa anaamkia kila mtu, mwangaluka huku, mwangaluka kule, mimi nimebeba ndoo nasubiri. Wateja walimpenda kuliko mimi. Hata mimi nilimpenda, na hilo ndilo linaloniwasha hadi leo.

Tulikuwa na sharti moja tu. Mimi napanda, yeye anashika. Anayeshika ngazi haachii, hata simu ikilia, hata bosi akimwita, hata nyuki wakija. Nilimwambia siku ya kwanza na akaitikia kwa kuinamisha kichwa kama anavyoitikia kila kitu.

Sasa, asiyejua desturi zetu anisikilize hapa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, anapisha: anaingia shambani, anajibanza nyuma ya kichaka, mama apite salama na heshima yake. Naye mama akimwona mkwe kwanza, hujifunika uso na kugeuka. Vijana wengi wa mjini wamelegeza siku hizi. Wapo wanaopiga na mama mkwe picha harusini wameshikana mabega. Shemeji yangu hakulegeza hata uzi mmoja, na dada yangu alitembea mji mzima akijisifia.

Na mama mkwe wake ni nani? Ni mama yangu mzazi.

Siku hiyo tulikuwa tunaosha lodge moja ya ghorofa, ile kazi yetu kubwa ya kila mwezi. Mimi nilikuwa kwenye madirisha ya ghorofa ya kwanza, mkono mmoja na mpira, mwingine kwenye fremu. Shemeji yuko chini ameshika. Mama alikuwa ametoka Zagayu kuja mjini kununua dawa ya kuku, akasikia niko pale, akaona aniletee michembe aliyoichemsha asubuhi. Viazi vikavu tu, jamani, kwenye kitambaa. Alikata kona ya jengo bila kupiga hodi, kwani nani hupiga hodi barabarani?

Nilimwona kabla sijaelewa. Niliona khanga yake, nikafurahi, nikaachia fremu ili nimpungie. Kisha nikahisi ngazi imekuwa nyepesi. Nilitazama chini nikaona sehemu aliyosimama shemeji haina mtu. Alikuwa ameshafika nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, ameinamisha kichwa, anamheshimu mama yangu. Ngazi ikaanza kuteleza kwenye marumaru taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, halafu si taratibu tena.

Sikumbuki kelele zangu. Nakumbuka za mama. Nilianguka na mguu wa kulia chini yangu, na kifundo kikafanya mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye mwili wangu. Mama alikuja mbio, michembe ikamwagika. Na yule bwana, nakuapia, hakutoka nyuma ya tangi. Mama alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, kwa hiyo njia ilikuwa imefungwa kwake. Walionibeba ni mlinzi wa lodge na wapita njia wawili.

Hospitali waliniunga, wakanifunga hogo la plasta hadi karibu na goti. Daktari akaniambia nitatembea, lakini juu ya kupanda ngazi hakuahidi. Hapo ndipo niliogopa. Mimi sina shamba la maana, sina ng'ombe, cheti changu ni cha darasa la saba. Ninachojua duniani ni kupanda ngazi na kukiacha kioo kama hakipo. Nikikosa kupanda, mimi ni nani?

Nilipoanza kujongea kwa magongo, ukoo uliita kikao nyumbani Zagayu. Nikaenda nikiamini kwamba mtu mmoja mwenye akili atamwambia shemeji amekosa. Tulikaa uani kwenye vigoda, baba mkubwa akiongoza. Mama hakuwepo. Asingeweza kukaa mahali alipo mkwe wake, kwa hiyo alikuwa jikoni, mlango umeegeshwa, anasikiliza. Hakuna aliyefikiri kumwuliza kitu yeye, ingawa ndiye pekee aliyeona yote.

Nikaeleza. Shemeji akapewa nafasi. Akasema kwa sauti yake ile ya kanisani, "Shemeji, pole sana. Mguu wako unaniuma kama wangu. Lakini mama alitokea ghafla, na mimi nisingeweza kusimama mbele yake nimemkodolea macho. Heri lawama kuliko fedheha."

"Lawama ni zako," nikamwambia, "mguu ni wangu."

"Na ile sakafu ilikuwa na maji ya sabuni," akaongeza polepole. "Tena mipira ya miguu ya ngazi imekwisha siku nyingi."

Nilitafuta gongo langu nimrushie, dada yangu akalikalia. Ndiyo, dada yangu mwenyewe, tumenyonya ziwa moja. Akanigeukia na kuuliza, "Kwa hiyo ulitaka amtazame mama usoni?"

"Nilitaka ashike ngazi!"

"Huwezi kushika ngazi umejificha."

Wazee wakatikisa vichwa kana kwamba amesema neno la hekima. Baba mkubwa akakohoa, akahukumu. "Mkwe ametuheshimu. Ukoo uliopata mkwe wa namna hii ushukuru. Mguu ukivunjika unafungwa hogo, ng'wanawane, mwanangu. Heshima ikivunjika inafungwa nini?" Kisha akanipa na methali juu yake, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi, niliyevunjika guu kwa sababu ya adabu ya mtu mwingine! Wakaletewa ugali na kuku. Shemeji akapewa firigisi.

Sikula. Nilijiburuta hadi barabarani na magongo yangu, nikasubiri usafiri peke yangu. Nikamwachia shemeji ujumbe kupitia dada kwamba asikanyage tena kwenye kazi yangu. Akaitika kwa adabu. Alikuwa na fimbo yangu ndefu nyumbani kwake, hakuirudisha.

Hogo lilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba, mgumu asubuhi, lakini ulikubali. Nilijaribu ngazi fupi, ukakubali. Tatizo likawa lile nililolitaja mwanzo: wa kushika. Nilimwajiri mtu mmoja, nikatazama chini nikamkuta anachezea simu kwa mkono mmoja na kujikuna kwa mwingine. Nikashuka nikamfukuza. Wa pili alishika vizuri, lakini mimi ndiye niliyeshindwa. Nikifika katikati jicho linarudi chini kuhakikisha kama bado yupo. Nilibaki kuosha vioo vya chini tu, maduka na saluni, kazi ya mtu yeyote mwenye ndoo. Bosi wa lodge akanitumia salamu kwamba madirisha ya juu yamekuwa machafu, na nikishindwa wiki hiyo atatafuta wengine kutoka Mwanza. Hakuwa ananitishia bure. Mimi mwenyewe nilikuwa nayaona kila nikipita, vumbi limeganda, manyoya ya pamba yamejishika kama kwenye mgongo wa kondoo.

Nilimpigia mama simu, si kumwomba chochote, kulalamika tu. Nilimlalamikia sana. Nilimwambia hata yeye alikaa jikoni kimya nikihukumiwa. Alisikiliza hadi salio langu likaisha.

Siku niliyopanga kuacha ile kazi nilikwenda lodge kumwambia bosi. Nikamkuta mama amekaa kwenye ngazi za mlangoni, amevua viatu.

"Mwangaluka, mayu. Umefuata nini huku?"

"Nimefuata ngazi. Iko wapi?"

Nilimwambia aache mchezo. Ni mwanamke mzee, mwembamba, magoti yake yanamsumbua tangu zamani. Nikamwambia watu watanicheka. Akasema wacheke, wao wameshanicheka nikiwa chini. Nikaitoa ngazi stoo ya lodge, nikatua ndoo na vifaa nilivyokuwa nimebeba kwenda saluni. Akajifunga khanga moja kiunoni, nyingine akaitupa begani, akashika ngazi kwa mikono miwili na kuukanyaga mguu wake kwa kisigino kama mtu anayesindilia udongo. "Panda," akasema. "Nimekubeba ukiwa mzito kuliko hivi."

Basi nikapanda, na ghadhabu yangu yote. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia bosi, nimeukasirikia mguu. Lakini nilipanda hadi juu bila kutazama chini. Nikapitisha brashi kavu, nikapaka maji ya mvua, nikavuta mpira kutoka juu hadi chini, na anga ikaonekana kwenye kioo. Nikasogea dirisha la pili, mama akihama nami.

Nikiwa juu kabisa, nikamwona shemeji.

Alikuja kutoka upande wa barabara, fimbo yangu ndefu begani. Nadhani dada ndiye aliyemtuma anirudishie, sikuwahi kuuliza. Alikata kona ileile. Akamwona mama, mama akamwona yeye. Nikaishika fremu kwa mikono yote miwili na kuuacha mpira uanguke, kwa sababu nilijua desturi inasemaje, na safari hii inamhusu na aliye chini yangu. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Shemeji alikuwa ameshajibanza nyuma ya gari la mgeni, amechuchumaa, kichwa kimeinama.

Ngazi haikusogea. Nilitazama chini. Mama alikuwa amegeukia ukuta na kujifunika uso wote kwa khanga ya begani, kama inavyotakiwa, hakuna hata unywele uliobaki nje mkwewe auone. Aliishika khanga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye ngazi, mishipa imesimama, na kisigino chake hakikuwa kimeondoka.

Nilipiga kelele kutoka kule juu hadi wageni wakafungua madirisha. "Shemeji! Unauona huo mkono? Nakuuliza, unauona?"

Ili auone ilibidi ainue kichwa.