Inchi Ishirini na Saba za Baba Mkwe

Mume wangu ni bwana shamba. Mpe mche wa parachichi, ataugeuza mara moja, ataangalia mizizi, na kukuambia kama utazaa au utakuaibisha mbele ya majirani. Lakini kuchagua skrini ya kompyuta kulimchukua miezi miwili na nusu, na muda wote huo nyumba yetu ya Tukuyu haikuwa na mazungumzo mengine.

Yalianza na macho yangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, serikali ilinileta huku kutoka Singida, na nyumbani huwa nachora ramani za mitihani kwa shule za jirani. Kwa miaka mingi nilizichora kwenye laptop ndogo, pua ikikaribia kugusa kioo. Daktari wa macho akaniambia nipumzike mara kwa mara, au nitafute kitu kikubwa zaidi cha kuangalia. Mume wangu alisikia hilo la pili tu.

Skrini ya kwanza ilikuwa ya mtumba, inchi kumi na tisa, kutoka Mbeya mjini. Ilikuwa na nukta moja iliyokufa, nyeusi tii, mahali pale pale ambapo mimi hupenda kuweka Ziwa Nyasa. Nilihangaika asubuhi nzima kufuta kisiwa ambacho sikukichora. Mume wangu akaja, akakifuta kwa kitambaa, akakifuta kwa mate, kisha akatangaza kwamba tunahitaji skrini mpya.

Hapo ndipo shule ya skrini ilipofunguliwa nyumbani. Alitazama video za vijana wanaosifia skrini, akajaza daftari lake la mbolea: inchi, nukta, mwangaza, pembe ya kuangalia. Tukiwa tunakunywa chai ananiuliza kama naitaka iliyopinda. Nikamwambia sijawahi kuona mtihani uliopinda. Akakata kadibodi tatu za ukubwa tofauti, akazisimamisha mezani moja moja, nami nikalazimika kukaa mbele ya kila kadibodi na kutoa maoni kwa uso mkavu. Ya inchi thelathini na mbili ilinifanya nigeuze shingo kama mtu anayevuka barabara. Ya ishirini na nne ilinitosha kabisa. Tukachukua ya ishirini na saba, kwa sababu mwenye daftari alikuwa yeye.

Ilipofika ikaonekana meza ni nyembamba, na yeye, aliyepima kila kitu, hakupima meza. Ilibidi fundi wa Kyimo aje kuiongezea ubao. Mvua ilinyesha siku tatu, umeme ukakatika siku hizo hizo tatu, na mume wangu akawa anakaa mbele ya skrini iliyozimika akiisifia. Umeme uliporudi nilifungua ramani. Mistari ya kontua ilionekana mmoja mmoja, na nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba ina nafasi katikati. Nilifurahi mno, ila sikumwonyesha yote, maana angeanza kutafuta ya pili.

Sasa lazima nieleze jambo la ukweni kwangu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Familia nyingi zimelegeza, lakini ya mume wangu, kule Masukulu, haijalegeza hata uzi. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikauelewa uzito wake. Baba mkwe akiwa njiani hukohoa tangu mbali, nami naingia migombani hadi apite. Kila msimu ananitumia ndizi, na kila mara anauliza kupitia wengine kama nimekula. Kwa miaka kumi na moja tulikuwa tumependana kwa kukwepana, na heshima ile ilikuwa kitu pekee nilichojijengea ukweni kwa mikono yangu mwenyewe. Nisingependa kuivunja kwa chochote.

Jumapili moja mchana nilikuwa nasahihisha ramani, mume wangu amesimama nyuma yangu. Wifi yangu akapiga simu ya video. Nasema dada wa mume wangu, si ule wa intaneti. Mume wangu, kwa kutaka tu kuonyesha mali yake mpya, akaipokelea kwenye skrini kubwa. Kumbe wifi alikuwa uani na baba yake. Akampa simu, akasema, "Tata, ongea na mwanao."

Uso wa baba mkwe ukajaa meza nzima.

Niliingia chini ya ile meza haraka kuliko nilivyowahi kuingia migombani. Lakini nilikuwa nimeshaona. Nilimwona ana masikio ya mume wangu. Na nikaona macho yake: kwenye mboni zote mbili kulikuwa na utando mweupe, kama wa juu ya maziwa yaliyopoa. Kule juu mume wangu anauliza habari za ng'ombe, mzee anajibu kwamba kila kitu ni kizuri, hata yeye mwenyewe ni mzima.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Siku zote mume wangu alizungumza na baba yake kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, na Jumapili ile alikuwa akiitazama skrini yake, si mzee, kwa hiyo hakuwa ameona chochote. Wifi alidhani mzee ameacha kusoma Biblia kwa sababu anaijua kwa moyo. Aliyeona nilikuwa mimi, nisiyeruhusiwa kuangalia. Nikisema, nakiri kwamba nimemtazama baba mkwe usoni. Nikinyamaza, anapofuka na heshima yangu mkononi. Niliogopa, sifichi.

Jumanne nikamwambia mume wangu wakati anamenya ndizi.

"Baba yako ana mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

Kisu kikasimama. "Ulimwangalia tata?"

"Inchi ishirini na saba! Ningeangalia wapi?"

Alitaka kucheka, ikashindikana, akaweka kisu chini na kwenda kumpigia dada yake. Wifi alimfikishia mzee neno lote, pamoja na kosa langu. Nilisubiri jibu nimeshika kiti. Likaja: mzee anasema mkwe wake hakukosa, aliyekosa ni luninga yetu, kwa kumwingiza mtu nyumbani bila kukohoa, basi luninga ilete jogoo wa faini. Mume wangu akapeleka jogoo kwa niaba ya skrini, akarudi na baba yake na kumpeleka hospitali. Mimi nililala kwa rafiki yangu muda wote mzee alipokuwa kwetu. Walimfanyia upasuaji jicho moja, baadaye la pili.

Tangu hapo, wifi akipiga simu ya video, skrini ile iliyochaguliwa kwa ubora wa rangi zake inafunikwa kitenge. Mimi nakaa nyuma yake na kusikiliza.

Mwezi uliopita tulikwenda Masukulu. Nilikuwa natoka kisimani, nikasikia kikohozi, nikaingia migombani kama kawaida. Hatua zikapita, zikasimama kidogo, zikaendelea. Baada ya muda wifi akaja amejishika mbavu kwa kicheko.

"Tata anasema ndaga fijo, asante sana. Halafu anasema ulizoea mkwe asiyeona, sasa umezembea kujificha. Ameona gauni. Anasema ni la njano."

Nikaweka ndoo chini nikalia pale pale, kwa sababu kweli lilikuwa la njano.