Usicheke Ukisikia Wanamwita Kizunguzungu

Saa mbili asubuhi, kwenye chumba chenye kompyuta nne na feni moja inayolia, binti mmoja ameinamia kioo akitazama vidoa viwili vinavyozungukana. Chai yake imepoa mpaka imeota utando. Wenzake wanamwita Kizunguzungu.

Ni mwanangu wa kwanza, kwa hiyo msitegemee niandike kama mgeni. Niliishia darasa la saba. Haya ya nyota alinieleza yeye, nami nikawa namrudisha nyuma mpaka yakaniingia.

Vile vidoa ni nyota mbili zilizokufa. Kila moja ni nzito kuliko jua, lakini upana wake ni kama wa mji tu. Kazi ya binti yangu ni kuzipigia hesabu, ijulikane zinaweza kukaribiana mpaka wapi na bado zikazungukana salama.

"Zikiwa mbali, mama, ukizigusa kidogo zinayumba, halafu zinarudi njiani. Ila kila zikizunguka zinapoteza nguvu, zinasogeleana. Kuna mahali zikifika, mguso uleule mdogo unaziangusha moja kwa moja."

"Si ziongeze mbio?"

Akacheka. "Zinaongeza! Kadiri zinavyokaribiana ndivyo zinavyokimbia. Hesabu za zamani zilisema mbio zinatosha kuziokoa. Hizi mpya zinakataa."

Hilo jina la Kizunguzungu lilinifurahisha. Nikajua ni utani wa kazini, maana kutwa anazungusha nyota. Hata mdogo wake alilidaka: "Kizunguzungu, njoo ule, sahani inakukimbia!" Tunacheka, naye anacheka, halafu hali chakula.

Mwezi uliopita nilimpelekea chakula kazini kwake. Mlinzi wa mlangoni, mtu mcheshi, akanipokea kikapu.

"Karibu, Mama Kizunguzungu. Siku hizi haanguki tena?"

"Haanguki wapi?"

"Si pale kwenye ngazi. Mara mbili. Jina nilimpa mimi, siku nilipombeba."

Nilipanda ngazi zilezile nikishika ukuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakimbizana na kazi, mama. Nikimaliza hii nitapumzika."

"Si wewe uliyeniambia mbio hazitoshi?"

Akaniangalia. Akafunua chakula.

Daktari alimkuta damu imepungua sana. Sasa anameza vidonge, na mkuu wake amekataza mtu kula mbele ya kompyuta, ili kila mmoja ainuke apumzike.

Wazazi wenzangu, mimi nilimwona anakimbia nikadhani yuko salama. Mtoto akipewa jina kazini, msianze kwa kucheka. Ulizeni limetoka wapi.

Kazi hajaiacha, wala sitaki aiache. Anatamani kuupata huo mpaka wa mwisho wa nyota zake, mahali penyewe hasa, kisha akawaeleze watoto wa shule aliyosoma.

Jana nilimpelekea tena chakula. Saa saba mchana aliinuka mwenyewe, vidoa bado vinazungukana kwenye kioo.

"Unaziacha?" nikamuuliza.

"Ziko mbali bado, nitazikuta."

"Na wewe?"

"Nayumba, mama," akasema, akinawa mikono. "Lakini narudi njiani."