Huruma Aliyowaombea Wengine

Mahakamani walimwita Kamusi. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kumfikishia hakimu maneno ya washitakiwa kwa Kiingereza, na kanuni ya kazi hiyo ni moja: mkalimani husema "mimi". Mwizi wa kuku akikiri ameiba, Kamusi naye husimama wima akatamka kwamba yeye ndiye aliyeiba. Makarani walimtania kuwa hakuna aliyekiri makosa mengi kama yeye na bado akalala kwake.

Udadisi ndio uliokuwa ugonjwa wake. Neno likimkwaza, hatulii mpaka ajue lilikozaliwa. Wiki hiyo lilimkwaza "mercy", yaani huruma, neno alilolitamka karibu kila siku. Akachimba vitabuni, akakuta asili yake ni neno la Kilatini la ujira. Baadaye wacha Mungu wakalitumia kwa ujira ambao mbingu humpa aliyemtendea wema mtu asiyeweza kulipa. Akacheka peke yake kwa furaha. Kisha akatafuta "compassion", akakuta ni kuumia pamoja na mwenzako. Hapo hakucheka.

Alimkumbuka dada yake mkubwa. Baba yao aliugulia kitandani miaka mitatu, dada akimgeuza na kumwosha, na kila alipoitwa kusaidia, Kamusi alikuwa na kesi. Tangu mazishi, mwaka mzima sasa, dada hakupokea simu yake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jumamosi akapiga moyo konde, akaenda. Dada alimfungulia mlango bila kumkaribisha, akarudi jikoni kumenya viazi. Kwa woga Kamusi akaanza kumweleza habari za Kilatini. Dada alisikiliza mpaka mwisho, maana udadisi ule ni wa damu moja, kisha akauliza huko kuumia pamoja kulikuwa wapi baba alipokuwa anaugua.

"Dada, nilikosea. Naomba unihurumie."

Maneno hayo aliyasema kizimbani mara elfu bila kutetemeka. Leo aliyasema akiyatazama maganda.

Dada akainua macho. "Nani anaomba? Wewe, au mshitakiwa wako?"

"Mimi."

Dada aliweka kiazi chini. Kisha akavuta droo, akatoa kisu cha pili, akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa. Na umenye vizuri, usinitupie nusu ya kiazi pamoja na maganda."