Mbuzi Wangu Hana Kiwanda

Neno tabianchi sina kwa Kisomali. Mimi ni mwalimu niliyeajiriwa na wazazi, niliishia kidato cha nne, na kitabu cha gredi ya tatu kina picha za viwanda ambavyo sijawahi kuviona. Kwa hiyo niliwaambia watoto kama nilivyoelewa: watu wa mbali wamechoma mafuta na makaa mengi mno, moshi wao umeitia dunia joto, na mvua zetu zimevurugika.

Kesho yake shule ilifungwa kwa ajili ya dua ya mvua. Mji wote ulitoka hadi uwanda wa nyuma ya soko la mifugo. Siku ya dua hiyo, sisi hutenga wanambuzi na mama zao. Wadogo huku, mama kule, walie wote, Mwenyezi Mungu awahurumie na sisi tupate humo humo.

Msichana mmoja wa darasa langu alikataa kumtoa wake. Ndiye mwanambuzi pekee aliyebaki kwao. Bibi yake, ayeyo kama tunavyowaita bibi zetu, alimvuta mkono.

"Mlete. Watu wanangoja."

"Mwalimu alisema ni moshi wa viwanda. Mbuzi wangu hana kiwanda."

Wanawake walicheka. Ayeyo hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Ndiyo mnayofundisha haya? Kwamba mvua ni ya watu?"

"Mvua ni ya Mungu, ayeyo. Nilisema watu wameharibu."

"Basi mwambie amtoe. Siku hizi anakusikia wewe, mimi nimekuwa redio mbovu."

Ningemwambia moshi ni maneno ya kitabu tu, angemtoa mara moja, na asingeniamini tena darasani. Nilichuchumaa mbele yake.

"Moshi ni kweli," nikamwambia. "Na dua ni kweli. Mwache alie kidogo, nitamrudisha mwenyewe."

"Wenye viwanda watamsikia?"

"Hapana."

Alinitazama, halafu akanipa. Moyo wa yule mnyama ulikuwa ukinidunda mkononi.

Imamu aligeuza shuka lake ndani nje, ishara ya kuomba hali igeuke, tukainua mikono. Mbuzi walilia pande zote mbili. Mwanangu alikufa kiangazi kilichopita, kwa kuharisha, bwawa likiwa limebaki tope. Sikulia mbele za watu wakati ule, wala siku ya dua sikulia. Nilikasirika tu. Katika dunia nzima yenye moshi, aliyepelekwa kulilia mvua ni mwanambuzi ambaye hata majani hajaanza kula.

Dua ilipokwisha nilimrudisha, kama nilivyoahidi. Alikimbilia chuchu ya mama yake, ambayo haikuwa na kitu kingi.

Jumatatu mvua ilikuwa bado haijanyesha. Ukurasa uliofuata ulinitaka niwaulize watoto watafanya nini nyumbani ili kupunguza joto la dunia. Jibu la kitabu lilikuwa kuzima taa zisizotumika. Kwao wengi hakuna taa. Niliuliza hata hivyo, maana mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Kisha yule msichana akainua mkono, taratibu, kama anayeogopa kuitwa.

"Mwalimu, nimlete tena?"

Mwalimu mkuu hakuelewa anasema nini. Mimi nilielewa.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe umeshatoa. Keti."