Jumapili Nilipoitwa Ayikoru

Nyie mliolala bweni miaka ile ya serikali ya wanajeshi, bado mnaota harufu ya uji wa asubuhi? Mimi naiota. Naona ukungu umefunika mteremko wa Lubaga, kengele inalia taratibu, nasi wasichana tunashuka bombani miguu peku, tunacheka bila sababu. Jioni tulicheza kwepena kwa mpira wa soksi kuukuu. Maharage yalikuwa na wadudu, tukawaita nyama, tukala tukashiba. Wajukuu zangu leo wanasusa kuku eti ana ngozi!

Shule ilikuwa ya masista. Wengi wetu tulikuwa watoto wa askari kutoka kaskazini, na masista walisema, kwa upole kabisa, kwamba wamekuja kututoa gizani. Siku ya kwanza uliacha mlangoni nguo za nyumbani pamoja na jina la nyumbani. Baba ndiye aliyenipeleka. Alisomewa majina ya watakatifu, akachagua Felista, akacheka mwenyewe. Tangu hapo, ukiitikia jina la zamani ulisugua sakafu ya kanisa kwa magoti wiki nzima. Mimi nilisugua mara mbili. Baada ya hapo hata shingo yangu ilijifunza kutogeuka.

Mama hakuwahi kufika pale. Alikaa Port Bell, na mambo ya shule yalikuwa ya Baba. Muhula wa pili Baba, naye askari, alichukuliwa kutoka kambini kwa gari, asirudi tena. Mimi sikuambiwa.

Ikaja Jumapili ya wageni. Tulikaa kwenye benchi tumepakwa mafuta, tukingoja kuitwa mmoja mmoja. Mara nikasikia sauti getini, sauti ninayoijua kuliko zote.

"Mimi nataka mutoto yangu. Ayikoru."

Mlinzi akafunua kitabu. "Jina hiyo hakuna, mama. Hapa hayuko."

"Ayikoru!" akaita mwenyewe.

Sista mkuu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Magoti yangu yalikuwa bado na makovu. Nikasema moyoni, sasa hivi Mama atataja Felista, nami nitanyanyuka. Sikujua kwamba jina hilo alilijua Baba peke yake. Mama aliita mara tatu. Nikatazama viatu vyangu. Rafiki yangu Tereza aliponisukuma nikakimbia, geti lilikuwa limefungwa, na Mama ameshika njia na kikapu chake cha simsim, ule ufuta wa nyumbani.

Niliporudi likizo, wiki saba baadaye, nilimkuta uani, amenyoa kichwa. Alipiga kelele, akanishika uso, akanishika mikono, akahesabu vidole vyangu kama vya mtoto mchanga.

"Walisema wewe hakuna," akasema. "Mimi nilikuwa nalilia baba yako, nikakulilia na wewe."

Miaka ile ukiambiwa getini kwamba mtu wako hayuko, hukuuliza mara ya pili. Ulienda nyumbani ukaanza matanga.

Uji ule nautamani hadi leo, na vicheko vya bombani pia, sidanganyi. Ila vijana wa sasa hunichekesha. Simu ikizimika saa moja tu, mtu anasema jamani, nilikuwa nimepotea! Mimi nilipotea wiki saba, mwanangu, na siku nilipopotea nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mchana kweupe, nasikia mama yangu akiniita.